Pete ya "Kutoka Pemba" na Namna ya Kuikagua

Tangazo lenyewe mnalijua. Pete yenye jiwe jekundu imelazwa juu ya kitambaa cheusi, moshi wa ubani unapita pembeni, na chini yake maneno: inafungua rizki, inasafisha nyota, inarudisha aliyeondoka, kutoka Pemba. Bei haikuandikwa, "njoo inboksi". Neno linalouza pale ni Pemba. Mtu wa Mwanza au Nairobi akilisikia tu ameshaona majini na uganga, na muuzaji anategemea hilo. Ajabu ni pale mnunuzi anapokuwa yuko Wete au Chake Chake penyewe, na kitu cha "kutoka Pemba" kinamfikia kwa boti kutoka Dar es Salaam.

Kama uganga upo au haupo, hilo tuwaachie masheikh na waganga wenyewe. Kinachoweza kukaguliwa ni bidhaa: imeahidi nini, imetengenezwa kwa nini, na pesa inakwenda kwa nani.

Anza na ahadi. "Inafungua rizki" haina kiasi wala tarehe, na haikuachwa hivyo kwa bahati mbaya. Mwandikie muuzaji maswali matatu, kwa maandishi na si kwa sauti: nitaona nini hasa, mwisho wake lini, na nisipokiona nitarudishiwa shilingi ngapi? Muuza friji wa Darajani huulizwa hayo hayo kila siku na jibu analo: muda fulani, uje na risiti. Muuza pete atakwambia "amini kwanza", au "inategemea nyota yako", au atakurushia video ya mtu analia kwa furaha. Hapo umeshajibiwa.

Akiwa mjanja zaidi atakuja na masharti. Usivuke maji siku arubaini. Usipokee kitu kwa mkono wa kushoto. Usigombane na mtu. Usimwambie yeyote. Sasa mkaazi wa kisiwani asivuke maji siku arubaini, na mgonjwa wake amelazwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, naye yuko Mkoani, Pemba! Sharti kama hilo limewekwa ili livunjwe. Likishavunjwa, pete haikushindwa. Umeshindwa wewe, na ipo pete ya pili ya kurekebisha, ghali kuliko ya kwanza. Lile la kutomwambia mtu ndilo baya kupita yote, kwani linakutenga na yule ndugu ambaye angekwambia wacha.

Kisha ataomba jina lako na la mama. Hili lina asili yake. Wapiga falaki, yaani wasoma nyota, huhesabu herufi za Kiarabu kwa abjadi, kila herufi na namba yake. Chukua Ali: ain 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Mama yake Maryam: mim 40, ra 200, ya 10, mim 40, jumla 290. Zikichanganywa ni 400. Gawa kwa 12, unapata 33 na baki 4. Sasa hesabu nyota nne kuanzia ya kwanza: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani. Nyota yake Saratani. Hesabu imekwisha, dakika mbili, na kila Ali wa Maryam kuanzia Konde hadi Makunduchi ana nyota hiyo hiyo. Hakuna hatua ndani yake inayotaka tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, picha ya uso, wala hizo picha za faragha "za kufanyia kazi". Majina kamili, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama ni taarifa zinazotumika kumtambua mtu kwenye mambo ya laini za simu na vitambulisho. Ukimpa mgeni umempa ufunguo. Na picha za faragha hurudi baadaye zikiwa na bei.

Baada ya nyota huja usomaji: kuna mtu wa karibu anakuonea husda, pesa inaingia lakini haikai, moyo wako ni mweupe ila watu hawakuelewi. Inagusa, kwa sababu inamgusa kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye peke yake. Wote walipewa karatasi moja. Walipoambiwa wapime usahihi wake kwa alama hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Ukitaka kumjua msomaji wako wa nyota, mtumie jina la uongo la mama na uone kama usomaji utabadilika.

Haya, tuje kwenye kitu chenyewe, na hapa ndipo raha ilipo.

Kabla ya kununua, hifadhi picha ya pete na uipitishe kwenye Google Lens. Ukikuta pete ile ile, kitambaa kile kile, kwenye maduka ya jumla ya China ikiuzwa kwa dazeni, hadithi ya muuzaji kwamba pete ilizikwa makaburini siku saba imekwisha. Kama ni ukurasa wa Facebook, fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa: utaona ulifunguliwa lini, umebadilishwa jina mara ngapi, na mara nyingi wanaousimamia wako nchi gani. Ukurasa uliokuwa ukiuza viatu miezi mitatu nyuma, leo ni wa sheikh.

Ikishafika mkononi, jiwe linapimika. Akiki ya kweli, hilo jiwe jekundu unalodaiwa kuuziwa, ni ngumu kuliko kioo na kuliko kisu cha jikoni. Iburure kwa nguvu kidogo kwenye kitako cha chupa ya zamani: akiki itaacha mchubuko unaousikia kwa ukucha, kioo kilichotiwa rangi kitateleza. Kisha liangalie jiwe juani kwa kamera ya simu ukilivuta karibu. Vipovu vidogo vya duara ndani ni dalili ya kioo.

Tasbihi za kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, zina kipimo chao. Kikombe kimoja cha maji, vijiko vitatu vya chakula vya chumvi, koroga mpaka iyeyuke yote. Toa punje moja kwenye uzi na uitumbukize. Kioo na plastiki nyingi huzama, kaharabu huelea. Lakini usishangilie mapema, maana sandarusi, utomvu mkavu wa mti, nayo huelea, na sandarusi ni mali ya pwani yetu hii, iliyosafirishwa sana kutoka Unguja karne ya 19 kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Tia tone la dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye asetoni, subiri dakika moja, gusa. Ikinata, mara nyingi ni sandarusi. Nzuri, inanukia ukiichoma, lakini bei yake si ya kaharabu.

Mafuta ya karafuu ya "mvuto" ni rahisi zaidi. Mafuta halisi, hata ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kama yanayokamuliwa Wawi, Pemba, ni mazito kuliko maji. Tone likitiwa kwenye gilasi ya maji huzama. Likibaki juu limetapakaa, huenda limechanganywa na mafuta mepesi kama ya kupikia. Tia jingine kwenye karatasi nyeupe na uliache hadi kesho: la kweli hupotea lote au huacha doa hafifu, la kuchanganywa huacha doa la mafuta kama la sambusa. Yawe halisi au si halisi, usiyapake mwilini bila kuyazimua, yanaunguza ngozi; na mtoto asiyanywe kabisa, yanaharibu ini.

Ila usisahau umepima nini. Ukijua jiwe ni akiki, umejua kuwa ni akiki. Jini halionekani kwa kitako cha chupa, na muuzaji anapokuonyesha kipimo cha jiwe kama ushahidi wa jini amekuhamisha swali.

Zipo na alama za "kazi imeanza". Kidole kugeuka kijani: pete ni ya shaba au imepakwa juu ya shaba, imekutana na jasho na chumvi. Beseni la umeme la kutoa sumu miguuni, maji yakawa ya kahawia: ni kutu ya vyuma vyake ikichanganyika na maji ya chumvi. Mwambie aliwashe dakika 30 bila miguu yako ndani, maji yatachafuka vile vile. Plasta za nyayo zinazoamka nyeusi asubuhi, zinyunyizie maji ya moto vijiko viwili zikiwa mezani, nazo zitakuwa nyeusi bila ya mguu wa mtu.

Maji kugeuka damu ndilo linalowatisha wengi, na vifaa vyake vyote viko sokoni. Chukua chokaa ya tambuu robo kijiko cha chai, koroga kwenye nusu lita ya maji, wacha ituame robo saa, kisha mimina yale maji ya juu yaliyo safi kwenye bakuli. Yanaonekana kama maji ya kunywa (usiyanywe, na usijitie machoni). Paka yai au kitambaa cheupe manjano ya unga, kidogo tu. Kitumbukize. Hapo hapo kinakuwa chekundu, na wekundu unashuka kwenye maji kama uzi. Sasa kamua ndimu: wekundu unarudi njano. Manjano hubadilika rangi yakikutana na chokaa, magadi au sabuni, na ndimu huyarudisha. Kwenye video wekundu huitwa nuksi yako, na ndimu hutiwa baada ya wewe kulipa. Wafanyie watoto nyumbani mara moja, hawatatapeliwa kwa hili maisha yao.

Vingine si vya kuchekea. Mikufu ya "nishati", ya "ioni hasi" (chembe zenye umeme) na ya kuzuia mawimbi ya simu huwa na unga wa madini ndani. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilitaja bidhaa 10 za namna hiyo, mikufu, bangili, hata kitambaa cha kufunika macho usingizini, kuwa zinatoa mionzi, na ikawataka wenye nazo waache kuzivaa. Muuzaji akikuonyesha kipimo cha ioni kinapanda karibu na mkufu, huenda kinapanda kweli: mionzi ndiyo inayozitengeneza hizo ioni hewani. Ni ushahidi wa kuuvua.

Zebaki nyekundu, kitu cha kubuni kinachouzwa kama chenye miujiza, nayo ina historia. Mwaka 2009 Saudi Arabia watu waligombania vyerehani vya zamani vya Singer, wakiambiwa vina zebaki nyekundu ndani, na alama yake eti ni simu kukatika ikisogezwa karibu na sindano. Vyerehani hivyo Mji Mkongwe vimejaa. Havina kitu ila mafuta ya mashine.

Na vya kunywa: unga wa nguvu za kiume unaofanya kazi nusu saa tu baada ya kunywa haukufanya kazi kwa mizizi. Unga wa namna hii umekutwa nchi nyingi umetiwa sildenafili, dawa ya kiwandani iliyomo kwenye Viagra, kimya kimya, na mwenye kutumia dawa za moyo za kundi la naitreti akiuchanganya, presha inaweza kushuka ikamuua. Dawa isiyosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar usiinywe, na mganga wa tiba asili muulize usajili wake wa Baraza la Tiba Asili. Mwenye nao hakasiriki kuulizwa.

Upande wa pesa, jihadhari na ada zinazofuatana. Kwanza pete, kisha ubani, kisha mbuzi mweusi, kisha "ada ya kutoa mzigo forodhani". Kila moja ndogo kuliko unachoogopa kupoteza. Simu inapokuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri, lisome: sheikh wa kiume mwenye laini ya mwanamke asiyejulikana, simama hapo. Ukiwa umeshatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika ile ile, kabla pesa haijatolewa kwa wakala. Namba ya tapeli waripotie TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa ujumbe kwenda 15040. Kisha nenda polisi na picha za mazungumzo, usiyafute kwa aibu.

Pete uliyokwisha kuinunua si lazima uitupe baharini kama unavyotishwa. Kama umeipenda, ivae. Ikikugeuza kidole kijani, ipake kwa ndani rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, ya kwanza ikauke kabla ya ya pili. Itahimili wiki chache, kisha unairudia.