Tairi mbili kubwa nyuma: usirudie nilichofanya kwenye Subaru Forester yangu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepata tairi mbili used safi za 215/65 kwa bei poa, Forester yangu inatumia 215/60, nikizifunga nyuma kuna shida?" Moyo ulinipiga pa! maana swali hilohilo mimi nilimuuliza muuza tairi Gerezani miaka minne iliyopita, akanijibu "bosi hiyo ni tano tu, haina neno". Nikamwamini.

Gari yangu ni SG5 (Forester ya kizazi cha pili) ya turbo, otomatiki ya gia nne, rimu 16. Mbele nikaacha tairi za zamani, nyuma nikafunga zile kubwa, gari ikanyanyuka kidogo nikaipenda kweli. Wiki hiyohiyo tukaondoka Dar kwenda Lushoto kwenye harusi ya shemeji yangu. Mpaka Segera sikuona kitu. Tulipotoka Mombo kuanza kupanda zile kona ndio mambo yakaanza, nikikata kona kali gari inashikwa kama mtu kavuta handbreki halafu inajiachia kwa kuruka, mke wangu akauliza kuna nini nikamwambia ni barabara. Taa ya AT OIL TEMP, ile ya joto la oili ya giaboksi, ikawaka. Nikasimama kabla ya Soni, nikachomoa stiki ya oili ya gia nikaifuta kwenye kitambaa: nyeusi tii, na ina harufu ya kuungua ambayo naikumbuka mpaka leo. Tulimalizia safari kwenye Fuso lililokuwa linarudi kupakia mboga, mke wangu na gauni lake la harusi mapajani, na mjomba wake akasema mbele ya watu kwamba mwanaume anayejali familia yake hukagua gari. Niliikagua jamani! Oili, maji, breki, kila kitu, isipokuwa namba za ubavuni mwa tairi.

Sasa sikiliza. Kwenye size, 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 60 au 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 16 ni rimu. 215/60R16 ina kipenyo cha kama milimita 664, 215/65R16 ni kama 686. Kwa kilomita moja tairi ya mbele inazunguka mara 479 hivi na ya nyuma 464. Kwenye gari inayovuta mbele tu hiyo tofauti haigombani na kitu, lakini Subaru hii inavuta miguu yote minne, mbele na nyuma zimeungwa na klachi iliyo mkiani mwa giaboksi. Ile klachi inajua kuteleza kidogo unapokata kona. Ukiifanya iteleze safari nzima inapata moto, inapika oili, inakufa. Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa tairi, yaani urefu wa kamba ukiizungushia tairi, usipishane zaidi ya milimita 6 hivi, mimi nilikuwa na zaidi ya 60, bado hujahesabu kwamba za mbele zilikuwa zimelika.

Kwa hiyo kaka, nne zifanane. Size moja, kampuni moja, kashata (meno ya tairi) zimelika sawa. Na hata zikiwa size moja usichanganye mpya mbili na kipara mbili, ni kosa lilelile.

Kupandisha size sikatazi, mimi leo natembelea 215/65 zote nne na gari imepanda sentimita moja, matuta ya mtaani kwetu hayanigongi tena. Lakini nilifunga moja kwanza, nikapaka chaki ndani ya madigadi, nikakata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, nikaangalia pia nafasi kati ya tairi na kikombe cha springi kwenye shokapu. Na kumbuka spidi inadanganya: geji ikisoma 50 wewe uko karibu 52, na tochi haisomi geji yako.

Spea nayo watu wanaisahau. Kama ni ile nyembamba, ifunge nyuma, pancha ikiwa mbele hamisha tairi nzima ya nyuma uilete mbele, halafu chomeka fyuzi kwenye kile kishimo kilichoandikwa FWD chini ya boneti, gari ivute mbele tu mpaka ufike kwa fundi, taratibu.

Ndugu yangu uliyeniandikia, hizo mbili zirudishe leo. Kama muuzaji anazo nne zilizolika sawa, chukua zote nne. Kama hana, nunua 215/60 nne hata kama utasubiri mshahara mwingine, na usipande mlima wowote kabla ya hapo.