Kabla ya kubonyeza, uliza mtengenezaji alikaa muda gani

Watu wakiniomba niwapendekezee dokumentari ya kutazama nyumbani, swali lao la kwanza ni inahusu nini. Mimi huanzia kwingine: aliyeitengeneza alikaa na watu wake muda gani? Kati ya vipimo vyote nilivyowahi kutumia kuchagua filamu za aina hii, hicho ndicho ambacho hakijaniangusha. Mada nzuri huharibika mikononi mwa mtu aliyeingia na kamera Jumatatu akaondoka Ijumaa. Na kisa ambacho ukisimuliwa utapiga miayo kinaweza kukukesha, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na subira ya kukingoja kijifungue chenyewe.

Chukua Honeyland ya mwaka 2019. Kwa maneno matupu ni hivi: mwanamke wa makamo anafuga nyuki katika kijiji cha Makedonia Kaskazini kilichobaki mahame, hakuna umeme wala maji ya bomba, na anamuuguza mama yake mzee asiyeweza kuondoka kitandani. Basi. Lakini waongozaji wake, Tamara Kotevska na Ljubomir Stefanov, walirekodi kwa takriban miaka mitatu na kukusanya zaidi ya saa 400 za picha. Mapema katika filamu, mwanamke huyo, Hatidže, anafungua mzinga kwa mikono mitupu, anakata masega, anachukua nusu na kuwaachia nyuki nusu. Unalitazama jambo hilo kama desturi yake tu. Kisha familia yenye watoto saba inahamia jirani na mifugo na kelele zake, baba wa watoto hao naye anataka mizinga, mnunuzi anamshinikiza auze asali nyingi kuliko inavyofaa, na ile nusu uliyoipita juu juu inageuka kuwa ndiyo kisa kizima. Hakuna sauti ya msimulizi inayokufafanulia. Watengenezaji hawakuielewa lugha ya wenyeji wao, Kituruki cha zamani, hivyo walianza kuihariri kwa kufuata picha peke yake. Ndiyo maana uso na mikono ya Hatidže vinasema zaidi ya maneno yake. Ilikuwa filamu ya kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya dokumentari na ya filamu ya kimataifa kwa pamoja, na kwangu mimi ndiyo mlango bora kwa mtu anayedhani dokumentari ni darasa.

Ukiipenda, nenda kwenye Hoop Dreams ya 1994. Hiyo inataka jioni nzima, maana inakaribia saa tatu, lakini usiikate vipande vipande. Steve James na wenzake walikusudia filamu fupi ya nusu saa kuhusu vijana wa Chicago wanaocheza mpira wa kikapu. Wakajikuta wamewafuata William Gates na Arthur Agee kwa miaka mitano. Huhitaji kuujua mchezo wenyewe. Sehemu ninayowaambia watu waingoje haina hata mpira ndani yake: mama yake Arthur, Sheila, anahitimu mafunzo ya msaidizi wa wauguzi, na katika chumba kisichokuwa na watu wengi anaambiwa kwamba amepata alama za juu kuliko wote darasani. Mtazame uso wake. Hakuna mwandishi wa filamu angeweza kuipanga dakika hiyo, na asiyekaa miaka asingekuwepo kuipiga picha.

Wakati mwingine muda unapita bila mtengenezaji kupenda. Leon Gast alikwenda Kinshasa mwaka 1974 kurekodi tamasha la muziki lililoandaliwa sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, na Gast akabaki na picha za Ali akitembea, akitania na kuongea na watu mitaani. Pesa na kesi zikamkwamisha, na When We Were Kings haikutoka hadi 1996. Kuchelewa huko kuliipa filamu uzito mpya. Ilipofika kwa watazamaji, Ali alikuwa tayari amezidiwa na ugonjwa wa Parkinson, unaodhoofisha mwendo na usemi, na yule kijana mwenye ulimi mwepesi pale kwenye skrini anakuuma moyo kwa namna ambayo isingewezekana mwaka 1975.

Sasa, kukaa muda mrefu si hati ya ukweli. Robert Flaherty aliishi na Wainuit wa kaskazini mwa Kanada kabla ya kutoa Nanook of the North mwaka 1922, na bado mhusika wake mkuu kwa jina halisi alikuwa Allakariallak, mke anayeonyeshwa hakuwa mke wake, na nyumba ya barafu ilijengwa upande mmoja wazi ili mwanga uingie. Searching for Sugar Man ya 2012, ambayo naipenda sana, inamsimulia mwanamuziki Rodriguez kama mtu aliyesahauliwa dunia nzima isipokuwa Afrika Kusini, lakini haigusi kabisa kwamba alifanya ziara Australia mwaka 1979 na 1981. Nazipendekeza zote mbili hata hivyo. Zitazame, kisha siku ya pili soma kidogo kuhusu kilichoachwa nje. Usisome kabla, utajinyima raha ya kisa. Kwa upande mwingine, The Thin Blue Line ya Errol Morris, ya 1988, imejaa matukio yaliyoigizwa upya, na ndiyo iliyosaidia kumtoa gerezani Randall Dale Adams mwaka uliofuata, mtu aliyefungwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Kuigiza peke yake si uongo. Cha kuangalia ni kama filamu inakuonyesha wazi pale inapoigiza.

Filamu huru za kubuni, zile zisizo na studio kubwa nyuma yake, nazichagua kwa kipimo kilekile kwa sura nyingine: uhaba ulimlazimisha mwongozaji kuamua nini? Christopher Nolan alipiga Following, iliyotoka 1998, siku za Jumamosi kwa karibu mwaka mzima kwa kuwa yeye na waigizaji wake walikuwa na kazi nyingine wiki nzima. Mikanda ya kurekodia ilikuwa ghali, hivyo walifanya mazoezi mpaka kila kipande kikatosha kupigwa mara moja au mbili. Dakika kama 70 tu, nyeusi na nyeupe, na hakuna hata moja ya kujaza nafasi. Ousmane Sembène, aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille, alitengeneza La Noire de... mwaka 1966. Inachukua takriban saa moja, inamfuata Diouana kutoka Dakar hadi kwenye fleti ya waajiri wake Ufaransa, na sehemu kubwa inatendeka ndani ya vyumba vichache. Mtazame kinyago anachowapa waajiri wake: kiko wapi mwanzoni, kiko wapi mwishoni, na nani anakishika.

Ukitaka kusikia lugha yetu bila kusoma maandishi chini ya skrini, tafuta Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ambamo Kiswahili kinachanganyika na Kikuyu na Kiingereza. Jo ni mtoto mgonjwa anayejiona shujaa wa filamu, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu yake. Itazameni na watoto, lakini mkae nao, kwa maana maswali yatakuja. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi na ni ya watu wazima zaidi. Aliyesoma kitabu atagundua mengi yameachwa, na mimi naona mwongozaji alifanya vyema kuacha.

Kuhusu kutazama kwenyewe, nina ombi moja tu la nguvu: weka simu chumba kingine kwa dakika ishirini za kwanza. Filamu hizi hazianzi kwa mlipuko, zinaanza kwa kukuzoesha mahali na mtu, na anayeangalia ujumbe wakati huo huiacha akisema imepoa. Dakika ishirini zikipita na bado haikushiki, izime bila kuona vibaya. Trela usiitazame, maana ya dokumentari mara nyingi imebeba tukio kubwa lote. Na usizime majina yanapoanza kupita mwishoni. Katika The Act of Killing ya 2012, kuhusu mauaji ya Indonesia ya 1965 na 1966, mstari baada ya mstari umeandikwa tu kwamba mhusika hakutajwa jina, kwa kuwa Waindonesia walioitengeneza walihofia usalama wao. Orodha hiyo inatisha kuliko mengi yaliyoitangulia.

Hiyo ya Indonesia, pamoja na For Sama ya 2019, ambayo Waad al-Kateab aliirekodi miaka mitano akiwa Aleppo, Syria, wakati wa vita, na kumwelekezea binti yake, si za kuwekwa usiku wa kuamkia kazini. Nazipendekeza kwa moyo wote, ila tafuta mtu wa kutazama naye, na mtenge muda wa kuongea zikiisha.