Huyu Barbara Walters alikuwa nani hasa?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi nasomea uandishi wa habari hapa Morogoro, juzi mwalimu kamtaja Barbara Walters akapita fasta, huyu mama kafanya nini hasa?

JIBU: Poa mdogo wangu. Mwanahabari wa TV wa Marekani huyo, kazaliwa Boston 1929, kafariki Desemba 2022. Alianza kipindi cha asubuhi cha kituo cha TV cha NBC, Today, mwaka 1961, kama mwandishi wa nyuma ya kamera. Sasa hapa ndo patamu: mtangazaji mwenzie Frank McGee alitaka wakija wageni wazito studio yeye ndo aulize maswali matatu ya kwanza, mama asubiri la nne! Basi akaanza kuwafata wageni hukohuko nje, ambako hakuna wa kumpangia zamu, na jina likakulia huko. McGee alipofariki 1974 ndo akapewa rasmi cheo cha mtangazaji mwenza.

1976 kituo kingine cha TV, ABC, wakamchukua kwa dola milioni 1 kwa mwaka, mwanamke wa kwanza kushika usukani wa habari za jioni kwenye TV kubwa za kule, ila mwenzie Harry Reasoner hakumtaka na watazamaji waliliona hilo laivu, we fikiria kila jioni hivyo. 1977 kawahoji Rais Sadat wa Misri na Waziri Mkuu Begin wa Israel wakiwa pamoja, na Castro wa Cuba mwaka huohuo. Kipindi cha maongezi cha The View alianzisha 1997, kamhoji Monica Lewinsky, yule wa skendo ya Rais Clinton, 1999, kastaafu 2014.

Kuna waliosema anabembeleza sana mastaa, na mi naona hawakukosea. Ila maswali aliyaandika kwenye vikadi, anapanga anapangua, hilo muige.