Kabla Hujasema Filamu Haichekeshi

Filamu ya mapigano inavumilia karibu kila kitu. Ukikosa sentensi tano bado unamwona nani kampiga nani. Ya kuchekesha haina uvumilivu huo. Neno likimezwa na besi ya sabufa, au maandishi ya chini yakitangulia mdomo wa mwigizaji kwa nusu sekunde, kicheko kimekwenda na hakirudi hata mtu akikueleza baadaye. Sebule nyingi za Arusha na Moshi zimezihukumu filamu nzuri bure, wakati kosa lilikuwa kwenye spika, kwenye paa au kwenye orodha ya walioalikwa. Haya yanawahusu wapenzi wa vichekesho vya mapenzi na vya kejeli, ambavyo ndivyo vinavyoharibika upesi kuliko vyote kwa sababu vimejengwa kwa mazungumzo.

Sauti kwanza. Sabufa hununuliwa kwa ajili ya muziki, na mara nyingi besi imeachwa juu tangu Krismasi. Maneno hayakai kwenye besi. Tunayatambua kwa konsonanti kama s, t, f na k, ambazo ziko juu kabisa, kwenye eneo la trebo. Teremsha besi hadi robo, pandisha trebo kidogo kupita nusu, kisha litoe boksi kubwa kwenye kona, kwa sababu kona yenyewe huongeza ngurumo. Spika mbili ndogo zikae kulia na kushoto kwa TV, usawa wa masikio ya watu waliokaa. Zikiwa juu ya kabati, maneno yanawapita watu juu ya vichwa.

Tatizo la pili liko ndani ya faili. Filamu nyingi hutengenezwa kwa sauti ya njia 6, ile inayoandikwa 5.1, na mazungumzo huwekwa zaidi kwenye njia ya katikati. Ukiichezesha kwenye vifaa vya njia mbili, mazungumzo yanaweza kutoka hafifu na muziki ukatoka kwa kishindo. Dalili yake ni mtu mmoja kukaa na rimoti mkononi, akipandisha watu wanapoongea na kushusha ngoma zikilia. Faili likiwa na chaguo mbili za sauti, chagua ile ya njia mbili. Likiwa na moja tu, angalia kwenye menyu ya sauti ya TV kama kuna hali ya usiku au ya mazungumzo na uiwashe. Kisha jaribu: chezesha dakika 2 za watu wakizungumza kawaida, si zile za mwanzo zenye muziki, nawe ukae kiti cha mbali kabisa, kile cha karibu na mlango wa jikoni. Kama unayapata maneno bila kukaza sikio, usiguse kitu tena.

Kuna usiku ambao hakuna ufundi utakaosaidia. Masika, hasa Aprili, mvua ikipiga bati kwenye nyumba isiyo na dari, mazungumzo yamekwisha. Ukipandisha sauti, spika itakwaruza na jirani naye atalazimika kutazama kwa masikio. Usiku wa namna hiyo weka filamu isiyo na mazungumzo. City Lights ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1931, ina dakika 87 hivi, na ni ya mapenzi na ya kejeli kwa pamoja. Inaanza na hafla ya kuzindua sanamu. Wakubwa wanahutubia kwa zamu, lakini vinywani mwao hakutoki maneno, unatoka mlio tu kama wa kipenga cha mtoto. Kisha kitambaa kinafunuliwa na juu ya sanamu amelala mtu asiye na makazi. Aliyewahi kupigwa jua uwanjani akimsubiri mgeni rasmi hahitaji kutafsiriwa. Penzi linakuja baadaye, la msichana kipofu muuza maua anayemdhania maskini huyo kuwa tajiri kwa sababu tu amesikia mlango wa gari la kifahari ukifungwa. Kadi chache za maandishi zinazotokea, mtu mmoja azisome kwa sauti kwa Kiswahili, basi.

Maandishi ya chini yana magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni kuchelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye VLC, programu ya kuchezeshea filamu kwenye kompyuta, herufi G na H kwenye kibodi husogeza maandishi nyuma na mbele kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza, kwa hiyo mabonyezo 10 ni nusu sekunde. La pili ni maandishi kuanza sawasawa kisha kuachana na sauti kadiri filamu inavyokwenda. Hapo G na H ni kujichosha. Sababu yake ya kawaida ni kwamba maandishi yalitengenezwa kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde na wewe una ya 23.976, au kinyume chake. Tofauti ni kama asilimia 4, yaani kila dakika 1 inakupotezea sekunde 2 na nusu. Tafuta maandishi mengine yaliyotengenezwa kwa nakala kama yako, uyape jina lilelile la faili la filamu na kuyaweka kwenye folda moja, ili TV iyaone yenyewe ukichomeka flashi. Usipopata ulinganifu kamili, afadhali yachelewe kidogo kuliko yatangulie. Yakitangulia, wasomaji wanacheka kabla mwigizaji hajasema, na kicheko chao kinafunika jibu la mwenzake, ambalo mara nyingi ndilo kichekesho chenyewe.

Vipi filamu zilizotafsiriwa, za sauti ya mtafsiri juu ya picha, kama alizotuzoesha marehemu Lufufu? Kwa mapigano sina ugomvi nazo. Kwa kichekesho cha mapenzi zinaua, maana utamu uko kwenye watu wawili kurushiana maneno bila kupumua, na mtafsiri hana pa kuingilia isipokuwa juu ya maneno yao. Kwa kejeli mambo yanageuka. Mtafsiri hodari anamtaja anayesemwa, anaongeza mfano wa hapa kwetu, na mara nyingine anaiokoa filamu ambayo wenyewe waliotengeneza waliiacha ngumu.

Hiyo inatufikisha kwenye tofauti kubwa ya aina hizi mbili. Kichekesho cha mapenzi hakihitaji maelezo ya awali. Kinataka watu wawe wamekaa tangu dakika ya kwanza. Ugomvi wa mwanzo, kitu kinachochukiwa, ahadi ya kijinga, vyote hupandwa kwenye dakika 20 za mwanzo na kuvunwa mwishoni. Katika It Happened One Night ya Frank Capra, ya 1934, Clark Gable anatundika blanketi kwenye kamba kati ya vitanda viwili ili yeye na Claudette Colbert walale chumba kimoja bila aibu. Asiyeliona blanketi hilo likitundikwa, mwisho wa filamu hautamgusa kabisa. Kwa hiyo mlango ufungwe, simu ziwekwe kimya, na anayechelewa kwa zaidi ya robo saa apangiwe siku nyingine. Ukali huu haupendezi, lakini kumsimulia shemeji yaliyopita kunawaharibia waliowahi wote.

Kejeli inasamehe aliyechelewa. Isichosamehe ni kutomjua anayekejeliwa. Chukua Coming to America ya 1988, dakika 117, ambayo Eddie Murphy anaigiza watu 4 tofauti, akiwamo mzee Saul wa kwenye saluni ya kunyoa. Ndani yake kuna mgahawa wa McDowell's, na mwenye mgahawa anajitetea kwamba McDonald's, kampuni ya baga, wana nembo ya Golden Arches, yeye ana Golden Arcs, na kwamba mikate yake haina ufuta. Tanzania haina McDonald's. Aliyekulia Sombetini au Majengo huenda asielewe kwa nini wengine wanavunjika mbavu. Sentensi moja kabla ya kuanza inatosha: kuna kampuni kubwa ya baga duniani, na huyu kaiiga karibu kila kitu huku akikana. Kipimo ni sentensi 3 kwa filamu, zisizidi, na usikitaje kichekesho chenyewe. Kwa Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, iliyotoka 1964, sema kwamba Marekani na Urusi ya Kisovyeti zilikuwa zimeelekezeana makombora ya nyuklia, kwamba miaka 2 nyuma mgogoro wa Cuba ulikuwa nusura uzilipue, na kwamba wakubwa wote katika filamu wanajiona wana akili. Bila hayo watu wanaitazama kimya wakidhani ni ya vita.

Kejeli inayohitaji maelezo machache kuliko zote kwa mtazamaji wa hapa ni Xala ya Ousmane Sembène, kutoka Senegal, ya mwaka 1975. Wafanyabiashara wanawatoa Wafaransa kwenye chama cha biashara kwa mbwembwe, na muda si muda Wafaransa walewale wanarudi na mikoba iliyojaa noti. Mmoja wao, El Hadji, anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi nguvu za kiume zinamtoroka. Gari lake linapewa maji ya chupa ya Evian kutoka Ufaransa. Inaenda polepole, zaidi ya saa 2, kwa Kiwolofu na Kifaransa, kwa hiyo maandishi lazima yawe sawa. Mwisho wake unakera kwa makusudi, na usimwekee mtu anayekula.

Na usimwekee mama mkwe bila kuitazama kwanza. Orodha ya walioketi ni sehemu ya maandalizi sawa na kebo ya HDMI. Mbele ya wakwe kila mtu huwa mlinzi wa uso wake, na kicheko kinachozuiwa na heshima hakitoki hata filamu iwe nzuri namna gani. When Harry Met Sally ya 1989 ni miongoni mwa bora za aina yake, lakini ina tukio la mgahawani ambalo litawafanya wifi na shemeji wagundue ghafla kwamba simu zao zina ujumbe. Coming to America ina tukio la kuoga mwanzoni kabisa. Kwa mchanganyiko wa babu, wakwe na watoto, ile ya blanketi ni salama: Gable anavua shati, basi. Ugumu wake ni kwamba haina rangi, na vijana watanung'unika dakika 10 za kwanza. Waache wanung'unike.

Kwa wa Arusha ipo moja ya kipekee, Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962 na kupigwa kaskazini mwa Tanganyika, ikiwamo Momella, chini ya Mlima Meru. John Wayne ni kiongozi wa kundi linalokamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama, Elsa Martinelli ni mpiga picha aliyeingia kundini bila kutarajiwa, na wanyama wanachukua nafasi kubwa kuliko penzi. Ina dakika 157, kwa hiyo igawe mara mbili, chai iwe katikati. Mpiga picha anawalea ndovu wachanga mpaka anapewa jina la Mama Tembo, na mwishoni ndovu hao wanatumwa kumsaka mjini. Hapo kaa karibu na mzee anayeukumbuka mji wa zamani, kwa sababu ataanza kuitambua mitaa na hutamnyamazisha, wala usijaribu. Ina kasoro ambayo haifichiki: wenyeji wapo nyuma tu, wakibeba na kushangilia, wakati nchi ilikuwa inaingia kwenye uhuru wa 1961. Ukiijua hiyo, filamu inakuwa kejeli ya watengenezaji wenyewe bila wao kukusudia, na kicheko cha pili hupatikana hapo.

Kuhusu chakula, mtori na machalari viliwe kabla. Chochote chenye mfupa kinataka mwanga na mikono miwili. Bisi zinafaa, karanga zilizomenywa zinafaa zaidi, mfuko wa krispi ni adui wa mazungumzo.

Desemba, watu wanapopanda Uchagani kwa Krismasi na nyumba moja ikawa na watu 20, sebule haitoshi na projekta inahamia uani. Giza la kutosha linaingia kama saa 1 na nusu usiku. Shuka jeupe lipigwe pasi, likunjwe mara mbili ili mwanga usipenye, na lifungwe kona zote 4, la sivyo upepo utawafanya waigizaji wacheze kiuno. Projekta yenye uwiano wa 1.5, yaani umbali wake kugawanya kwa upana wa picha, inataka mita 3 kwa picha ya upana wa mita 2. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo sogeza spika ziwe karibu na watu badala ya kuziacha kwenye shuka. Huku juu mlimani na Arusha andaa mablanketi. Moshi mjini andaa dawa ya mbu, na kama ni ndani, zima feni inayolia kwenye matukio ya mazungumzo mengi.

Aliyekwisha kuiona filamu akae nyuma. Neno "subirini hapa" limeua vicheko vingi kuliko TANESCO. Yeye starehe yake ni nyingine: amtazame anayesikiliza badala ya anayesema, kwa sababu waigizaji wazuri wa vichekesho hufanya kazi kubwa zaidi wakati mdomo umefungwa.

Na umeme ukikatika, kama ulihakikisha LUKU ina uniti basi huna cha kujilaumu. Ukirudi, usianzie pale ulipokatikia. Rudisha hadi mwanzo wa tukio, kwa kawaida dakika 3 mpaka 5, ili ugomvi au hotuba ijijenge upya kabla ya kupasuka. Usiporudi ndani ya nusu saa, ahirisheni hadi kesho yake, na asitokee mtu wa kuwasimulia wenzake mwisho gizani.