Nilibaki nyumbani 2019, nikapiga kura 2024: jibu kwa aliyeuliza kama kura ya Uingereza ina maana kwetu

Mkuu, umesema uko Uingereza mwaka wa pili, unafanya kazi ya kulea wazee, na wenzako wote kazini wanaapa hawatapiga kura uchaguzi mkuu ujao kwa sababu vyama ni vilevile na vyombo vya habari vimeshachagua upande. Unauliza kama ni kweli, na kama Mtanzania asiye na uraia wa huku anahusika hata kidogo.

Nianze na hilo la pili, maana wengi wetu hatulijui. Unahusika. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kwa kibali halali anaruhusiwa kujiandikisha na kumchagua mbunge: Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge 2009. Mrundi na Mkongomani hawamo. Mfaransa aliyekaa hapa miaka 20 bila kuchukua uraia hana kura ya ubunge, wewe unayo. Mimi niliishi Leicester karibu miaka miwili bila kujua, na aliyeniambia ni mzee niliyekuwa namhudumia.

Mzee huyo alikuwa mchimba makaa ya mawe wa Yorkshire. Uzeeni alihamia huku kumfuata binti yake, mwisho akaja kwenye nyumba ya wazee niliyokuwa nafanya kazi. Jioni moja Novemba 2019 nasukuma toroli la chai kwenye sebule ya pamoja, taarifa ya habari ya BBC inaanza, mzee anasema kwa sauti: "Waongo hawa." Upande wa pili amekaa bibi mmoja aliyewahi kuwa na duka la vitambaa, naye anaitikia: "Waongo kabisa." Nikadhani leo wamekubaliana. Kumbe kila mmoja alikuwa na uongo wake.

Mzee alikuwepo Orgreave, huko huko Yorkshire, tarehe 18 Juni 1984, siku polisi wa farasi walipowavamia wachimbaji waliogoma. Usiku ule televisheni ilionyesha wachimbaji wakirusha mawe kwanza, farasi wakafuata. Yeye alikuwa uwanjani, na aliona farasi kwanza. Miaka kadhaa baadaye BBC ilikiri kwamba mpangilio wa picha zile uligeuzwa, ikasema ni kosa la kuandaa habari kwa haraka. Ilikuwa imepita miaka 35 na mikono yake bado ilikuwa inatetemeka akisimulia. Bibi naye alipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya 2016, na aliamini watangazaji wote wanamdharau kwa hilo. Kituo cha televisheni cha Channel 4 kilipoweka barafu mahali pa Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo, kwenye mdahalo wa mazingira kwa kuwa hakufika, bibi alisema hajatukanwa hivyo maishani. Chama cha Johnson, Conservative, kililalamika Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji, malalamiko yakakataliwa.

Wapo wanaosema, kama pande zote mbili zinalalamika basi chombo kiko katikati. Nilikuwa nasema hivyo pia, sisemi tena. Lalamiko linapimwa moja moja. Novemba ile ile BBC ilionyesha picha za 2016 za Johnson akiweka shada la maua kwenye mnara wa mashujaa, badala ya zile za 2019 ambapo aliliweka kichwa chini. Siku chache baadaye, kwenye taarifa ya mchana, walikata kicheko cha wananchi waliomcheka Johnson alipoulizwa kuhusu kusema ukweli. Mara zote mbili BBC ilisema ni makosa. Mimi nafanya zamu za usiku na najua uchovu unavyozaa makosa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kulikuwa na njama. Lakini yote mawili yaliangukia upande mmoja, na mtu aliyeumizwa na picha za Orgreave huwezi kumwambia ahesabu hilo kama bahati mbaya.

Hapa tenganisha vitu viwili ambavyo wenzako wanavichanganya. Televisheni na redio zinabanwa na kanuni za Ofcom, lazima zisiwe na upande, na siku ya kura haziruhusiwi kujadili masuala ya uchaguzi hadi vituo vifungwe saa nne usiku. Magazeti hayana sharti hilo. Gazeti linaruhusiwa kuwa na chama na linakitangaza ukurasa wa mbele. The Sun, la kampuni ya Murdoch, lilijigamba 1992 kwamba ndilo lililowapa Conservative ushindi, likahamia kwa mpinzani wao mkuu, Labour, 1997, likarudi Conservative 2009, na siku moja kabla ya kura ya 2024, kura za maoni zikiwa zimeshaonyesha mshindi, likasema ni wakati wa Labour. Kwa hiyo ukiniuliza kama magazeti yana upande, jibu ni ndiyo, na wala hawafichi. Shida ni kwamba vipindi vya asubuhi vya televisheni vinafungua kwa kusoma kurasa hizo hizo za mbele, na ajenda ya gazeti inakuwa ajenda ya nchi kabla hujamaliza kunywa chai.

Tarehe 12 Desemba 2019 sikwenda kituoni. Mzee alikuwa amepiga kwa posta zamani. Aliponiuliza nikamwambia sijaona sababu, wote waongo. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Mimi nawajua ni waongo tangu 1984, na sijakosa uchaguzi hata mmoja. Wewe umewaachia kura yako bure."

Alifariki Aprili 2020, wimbi la kwanza la korona. Binti yake alimuaga akiwa nje ya dirisha, ameweka kiganja kwenye kioo. Mimi ndiye niliyekuwa ndani nimemshika mkono mwingine.

Baadaye ikajulikana kwamba ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa na sherehe wakati wa marufuku yale yale ya korona, na Aprili 2022 Johnson akapigwa faini na polisi. Ukitaka kujua kwa nini wenzako wa kea, yaani kazi hii ya kulea, hawaamini mwanasiasa yeyote, anzia hapo. Lakini kuna jambo lililonisumbua kichwani kwa wiki nyingi: nani aliyeifichua habari ile? Daily Mirror, gazeti la upande wa Labour miaka nenda rudi, kisha ITV wakatoa video. Gazeti lenye upande ndilo lililonipa ukweli uliomhusu mzee wangu. Tangu hapo siulizi tena kama chombo kina upande. Nauliza kama alichoandika kimethibitishwa, na nani hakuulizwa.

Nani hakuulizwa, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mara nyingi ni sisi. Tarehe 11 Machi 2024 serikali ilizuia wafanyakazi wapya wa kea kuleta wenza na watoto. Kampeni ilipoanza Mei, wahamiaji tulikuwa kwenye habari kila siku. Kila jioni nilifungua taarifa nikisubiri kumwona mlezi mmoja wa wazee akiulizwa chochote. Katika wiki zote sita sikumwona.

Sasa kuhusu kwamba kura haibadilishi kitu. Wenzako wana hoja, na hii haitokani na vyombo vya habari bali na hesabu. Julai 2024 Labour walipata asilimia 33.7 ya kura wakachukua viti 411 kati ya 650. Chama cha Reform walipata asilimia 14.3 wakaambulia viti 5. Wanaohesabu namna hiyo wakakata tamaa siwalaumu, na karibu watu 4 kati ya 10 walioandikishwa hawakupiga.

Lakini sikiliza ya jimboni kwangu, Leicester South. Labour walikuwa wanashinda kwa zaidi ya kura 22,000. Mbunge wetu, Jonathan Ashworth, alikuwa televisheni mara kwa mara akikisemea chama. Sikuona chombo kimoja cha kitaifa kikitutaja kati ya majimbo ya kuangaliwa, na kazini walinicheka nilipoomba kubadilisha zamu nikapige. Kwa miguu yangu mwenyewe nilikuwa nimeenda kwenye mkutano wa wagombea, ukumbi umejaa, watu wanauliza kuhusu Gaza, hospitali, kodi za nyumba. Kwenye taarifa ya habari usiku ule hakuna hata neno moja. Matokeo yalipotoka, Shockat Adam, mpima macho aliyesimama kama mgombea binafsi, alikuwa ameshinda kwa kura 979. Jirani zetu Leicester East kura ziligawanyika hadi Conservative wakakinyakua kiti cha Labour, ndicho pekee walichokinyakua kutoka kwao nchi nzima. Sikuambii nilimpigia nani. Nakuambia 979. Wafanyakazi wa nyumba za wazee wa jimbo hili peke yao, wakiamua kwenda au kutokwenda, huenda wanafika idadi hiyo.

Mwenzangu mmoja Mkenya, aliyenicheka zaidi ya wote, alikuja asubuhi yake chumba cha kubadilishia nguo ameshika simu yenye matokeo. Hakusema kitu. Akanipa tu ile simu nisome.

Kwa hiyo fanya hivi. Jiandikishe mtandaoni kwa namba yako ya bima ya taifa, dakika chache tu, na usisubiri kampeni, kwa sababu mlango unafungwa siku 12 za kazi kabla ya kura. Kituoni lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Tanzania inakubalika, hata ikiwa imeisha muda, ilimradi sura bado ni yako. Kama zamu zako ni za saa 12, omba kura ya posta mapema kama mzee wangu. Mwanamke aliyepokea pasipoti yangu mwaka ule aliifungua, akatazama picha, akatazama uso wangu, akalitafuta jina kwenye orodha na kulikuta, akanipa karatasi na kunionyesha penseli iliko.