Wish ya 2004 imegoma kuvuta mlima wa Lushoto, je ni giaboksi imekufa au ni oili?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Wish ya 2004, 1.8, gia oto, ndio gari ya familia tupo Muheza, inapeleka watoto shule na mara mojamoja tunashuka nayo Tanga mjini. Mwezi uliopita tulienda harusi Lushoto tukiwa watu 7 na mizigo, tulivyoanza kupanda kutoka Mombo huko katikati ya kona injini ikawa inanguruma, mshale unafika 4000 ila gari haiendi, na harufu ya kitu kinaungua. Tukapaki kama nusu saa ikakubali tena. Tangu turudi, asubuhi nikiweka D inakaa kama sekunde 3 alafu inashika kwa kishindo, R ndio inachelewa zaidi, na taa ya O/D OFF inawaka na kuzima. Fundi mmoja anasema ninunue giaboksi ya mtumba, mwingine anasema nimwage oili niweke mpya itapona, wa tatu anasema nisithubutu kugusa oili ya zamani gari itakufa kabisa. Mume wangu anasema mimi ndio nimeiua kwa kukanyaga sana mafuta mlimani. Kingine sijui kama kinahusiana, kama miezi 3 kabla ya safari nilibadilisha sivi jointi ya kushoto na tangu hapo kuna kidoa pale inapolala, nadhani ni maji ya AC tu.

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana. Hicho ulichokiweka mwishoni ukasema hujui kama kinahusiana ndio mimi nimekisoma mara mbili, mana naona kesi yako yote imelala pale.

Kwenye Wish yako ekseli ya kushoto, ile yenye sivi jointi uliyobadilisha, inachomekwa moja kwa moja kwenye giaboksi, na pale inapoingia kuna oili sili, kimpira fulani kina mdomo mwembamba sana. Fundi akiichomoa ekseli kwa kuivuta pembeni au akiirudisha bila kuinyoosha vizuri ule mdomo unakatika kidogo, na mafundi wengi hawabadilishi sili wakati wa kubadilisha sivi jointi kwa sababu haionekani mbovu, inarudi vilevile. Haimwagi, inadondosha tone tone. Na kwa bahati mbaya bomba la maji ya AC nalo linatokea upande huohuo wa kushoto, kwahiyo mtu yeyote angedhani kama ulivyodhani wewe. Tofauti yake ni hii, maji ya AC ni maji tupu, yakikauka hayaachi kitu. Doa lililokaa miezi yote hiyo sakafuni sio maji dada. Leo usiku tandaza boksi jeupe chini ya gari upande wa kushoto usawa wa tairi la mbele, AC usiiwashe kabisa siku hiyo, asubuhi angalia. Ukikuta tone jekundu au la kahawia lenye utelezi basi hiyo ni oili ya giaboksi.

Sasa unganisha na mlima. Giaboksi ya oto haina klachi ya mguu kama manyuo, ndani ina pleti nyingi nyembamba ambazo zinabanwa na presha ya oili, hiyo presha inatengenezwa na pampu inayonyonya oili kwenye sampu, yaani bakuli la oili kule chini. Oili ikipungua, kwenye tambarare ya Muheza na Pongwe pampu bado inapata, hutaona kitu. Ukianza kupanda Lushoto na watu 7, gari imeinama, kona zile oili inakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa, presha inashuka, pleti zinabanwa nusunusu zinasuguana badala ya kushikana. Ndio pale mshale unapanda 4000 na gari imesimama, na ile harufu ni pleti zinaungua. Mlivyopumzika ikapoa ikakubali, lakini kilichoungua kimeshaungua.

Kwahiyo mwambie shemeji sio mguu wako. Wish yenye oili kamili inapanda Lushoto na watu wake 7, polepole ndio lakini inapanda. Gari imepanda mlima ikiwa na njaa ya oili na hakuna taa yoyote kwenye dashibodi ya kukwambia oili ya giaboksi imepungua, wewe ungejuaje?

Kabla hujatoa hela kwa fundi yeyote kati ya hao watatu naomba upime oili kwanza, na ipimwe inavyotakiwa mana hapa wengi wanakosea wanapima kama ya injini. Wish 1.8 ya kizazi hicho ina stiki ya kupimia oili ya giaboksi, usiichanganye na ya injini. Washa gari papo hapo ilipo, na kwa hali yake usiizungushe barabarani, iache iungurume mpaka ipate moto vizuri, iwe sehemu tambarare, hendibreki juu na mguu kwenye breki, pitisha leva P mpaka L taratibu kila sehemu ikae sekunde kadhaa, rudisha P. Injini IKIWA INAWAKA chomoa stiki, futa na kitambaa kisichoacha nyuzi, ichomeke yote, chomoa tena usome upande ulioandikwa HOT. Ukipima injini imezimwa itakudanganya ionekane imejaa. Alafu dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au nyekundu iliyofifia ni nzuri, kahawia bado inaongeleka, nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake pleti zimeliwa, na ikiwa na rangi ya maziwa ya pinki basi maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi na hiyo ni kesi nyingine kabisa, zima gari hapohapo.

Hilo la maziwa ya pinki nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya huku kwetu. Oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya rejeta, kuna kikula kidogo, yaani kipoozeo, kinapita mle kwenye maji. Watu wa Tanga tunajaza rejeta maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, ile chumvi inakula chuma taratibu mpaka siku maji na oili vinakutana. Weka kulanti, ile dawa maalum ya rejeta, jamani, tena ndio rahisi kuliko kitu chochote kwenye gari hii.

Taa ya O/D OFF (ile ya kuzima gia ya juu kabisa) inayowaka na kuzima yenyewe bila kubonyeza kitufe ni kompyuta inakwambia imeona kosa kwenye gia na imelihifadhi. Tafuta mtu mwenye skana, kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta, inayosoma Toyota za soko la Japani, vile vidude vidogo vya Bluetooth mara nyingi vinagoma kwenye hizi gari. Kodi, yaani namba ya kosa, ikija P0750 au P0755 ni solenoidi (vijivalvu vya umeme) za kubadilisha gia, P0741 ni ile klachi ya ndani ya toki konvata, kile kinachounganisha injini na giaboksi, P0715 ni sensa ya mzunguko. Na solenoidi ikionekana usikimbilie kuinunua, fungua soketi yake uiangalie. Miaka ya nyuma nilipokea gari ya mzee mmoja anakaa karibu na bahari, imeshaandikiwa kubadilishwa giaboksi nzima na gereji nyingine, nikakuta pini mbili za soketi zimeota kijani kwa chumvi ya hewa. Tulisafisha na kufunga vizuri tu akaondoka nayo. Sisemi yako itakuwa hivyo, yako ina harufu na ina historia ya mlima, ila lazima tuangalie, haigharimu kitu.

Sasa nije kwa wale mafundi wako. Yule wa kumwaga oili na yule wa usithubutu wote wana kipande cha ukweli. Oili mpya haiui giaboksi iliyo nzima. Kinachotokea ni kwamba pleti zikishaisha, ule unga wake unaelea kwenye oili ya zamani na unaongeza msuguano kidogo, gari inajikongoja, ukiweka oili mpya safi ile nafuu ya uongo inaondoka na watu wanasema oili mpya ndio imeua. Ilikuwa imeshakufa. Kitu ambacho mimi sikubali kabisa ni kuflashi kwa mashine ya presha kwenye giaboksi iliyoungua, mana uchafu wote unasukumwa kwenye valvu bodi, sehemu inayogawa presha ya oili, njia zake ni nyembamba kama mishipa.

Mimi ningefanya hivi kwa gari yako. Kwanza sili ya ekseli ibadilishwe, hilo halina mjadala hata kama tutaishia kubadilisha giaboksi. Pili sampu ifunguliwe, sio kumwaga kwa nati tu, ishushwe kabisa tuone. Mle kuna sumaku, ikiwa na matope laini ya kijivu ni kawaida kwa gari ya umri huo, ukikuta vipande vya chuma vinavyong'aa au magamba meusi kama majani ya chai yaliyokauka basi pleti zimebanduka na hapo hakuna oili ya kuokoa. Kama ni matope tu, tunabadilisha filta, tunajaza, gari inatembea siku chache, tunamwaga tena tunajaza, hivyo mara 3, kwa sababu ukimwaga mara moja inatoka kama lita 3 tu kati ya karibu 7 zilizomo, nyingine inabaki kwenye toki konvata. Nikukadirie kwa maelezo yako? D ya sekunde 3 na R inayochelewa zaidi pamoja na ile harufu, naona uwezekano mkubwa pleti zimeumia, usijipe matumaini makubwa kwamba oili peke yake itamaliza. Lakini fungua uone, usihukumu kwa kusikia, maana kuchelewa vilevile kunaletwa na oili kuwa chini na kwa sasa hatujui iko chini kiasi gani.

Oili yenyewe ni ATF Type T-IV, mara nyingi imeandikwa hata kwenye stiki. Usikubali kuwekewa nyekundu yoyote ya dukani kwamba zote ni sawa. Na ukiwa na ndugu mwenye Wish ya 2.0 asikuige, ile ni CVT ina mkanda wa chuma na oili yake maalum, akiweka T-IV anaiharibu.

Kama imefika kubadilisha kuna njia mbili, kuifungua na kuweka pleti na sili mpya, au kununua ya mtumba kutoka Japani. Kufungua ni kuzuri ukipata fundi anayefanya kazi hizo kila siku, wengine tunafungua na vumbi la gereji linaingia ndani, mimi mwenyewe huwa nawapeleka wateja kwa mwenzangu mwenye chumba kisafi. Ukienda kwa ya mtumba, angalia kibati cha gari yako mstari wa TRANS/AXLE, uone U341E (aina ya giaboksi yako) na herufi zinazofuata zifanane, hesabu na pini za soketi, nusa oili iliyomo, na muuzaji akuandikie kwenye risiti siku za kuirudisha. Neno la mdomo usilichukue.

Alafu hapa ndio wengi wanapoteza hela mara ya pili. Ile kikula ndani ya rejeta na mabomba yake imejaa unga wa pleti zilizoungua. Ukifunga giaboksi nyingine bila kuisafisha, au kubadilisha rejeta kama imezeeka, ule unga unaingia kwenye giaboksi mpya siku ya kwanza. Kuna Noah moja imewahi kuja kwangu ikiwa na giaboksi ya tatu ndani ya mwaka mmoja, rejeta ni ileile, hakuna aliyewahi kuigusa. Familia ile ilishauza kiwanja kidogo kwa ajili ya hiyo gari, inaniuma mpaka leo. Kwahiyo simama hapo gereji uone kwa macho yako mabomba yakipulizwa na kusafishwa. Na toki konvata iingie mpaka mwisho kabla ya kukaza nati yoyote, ikilazimishwa kwa nati inavunja pampu.

Kwa sasa usiiendeshe tena hiyo gari, kila mara ikiteleza inachoma zaidi. Kuja Tanga mjini isivutwe kwa kamba, tairi za mbele ndizo zinazosukuma na injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, ndani kunazunguka pakavu. Ipakiwe kwenye brekidauni ya kubeba, au angalau tairi za mbele ziinuliwe. Na msiisukume ili iwake, oto haiwaki kwa kusukuma.

Ikishapona na mkapata safari nyingine ya Lushoto, kuanzia pale Mombo bonyeza O/D OFF, au weka 2 kwenye zile kona kali, gari isiwe inahangaika kupanda na kushuka gia kila dakika, na kurudi ushuke na 2 vilevile usiziache breki peke yake zifanye kazi yote.

Boksi la usiku usisahau. Asubuhi piga picha ya tone na ya ile karatasi ya stiki, nitumie zote mbili pamoja na kodi ya skana, nikiziona nitakwambia kama ni ya kushusha sampu au ni ya kutafutia giaboksi.