Kinena kinauma baada ya mechi: jinsi ya kuikamata nyonga kabla haijasagika

Mkuu, kwa wanaoingia uzi sasa hivi: mleta mada ana miaka 41, anakimbia mara tatu kwa wiki na Jumapili anacheza bonanza la veterani. Kinena cha kulia kinauma kila baada ya mechi, asubuhi nyonga imekaza dakika kumi hivi kisha inaachia. Ameambiwa ni ngiri, na kabla ya mpira anameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Anauliza kama nyonga ndiyo inaanza kusagika, yaani gegedu la kiungo kulika, na kama aache mazoezi.

Anza na mahali panapouma, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwetu "nyonga" ni kila kitu kuanzia kiunoni hadi pajani. Kiungo chenyewe, yaani kile kichwa cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe chake, kimejificha ndani kabisa nyuma ya kinena. Kikiuma huumia mbele: kinenani, na mara nyingine maumivu hushuka pajani hadi gotini. Wapo wanaopigwa eksirei ya goti mara mbili tatu, goti safi, kumbe shida iko juu. Mwenye tatizo la kiungo ukimwambia aonyeshe hushika ubavu wa nyonga kwa kiganja kilichopinda kama herufi C, gumba nyuma, vidole mbele. Anayeweka kidole kimoja juu ya mfupa uliotokeza pembeni, na hawezi kulalia upande huo, mara nyingi ni kano za misuli ya tako. Anayeshika tako huku maumivu yakishuka chini ya goti, apimwe mgongo kwanza. Ngiri nayo kwa kawaida huleta uvimbe unaotokeza ukikohoa au ukinyanyua mzigo. Haijali sana paja limezungushwa vipi.

Nyonga ikianza kusagika, kinachopotea mapema ni uwezo wa kuzungusha paja kwa ndani. Hiki unaweza kukipima nyumbani. Kaa juu ya meza ngumu, mapaja yote yamelala, miguu inaning'inia. Goti lisihame mahali pake. Peleka unyayo nje, mbali na mguu wa pili. Inaonekana kinyume, lakini hapo paja linazunguka kwa ndani. Simu nyingi zina pimamaji kama la mafundi ujenzi: laza ubavu wa simu kwenye ugoko, soma nyuzi mguu ukiwa umening'inia wima, kisha soma pale mguu unapogoma. Tofauti ndiyo kipimo chako. Rudia mara tatu kila mguu, chukua wastani, andika na tarehe. Pima saa zilezile na kabla ya mazoezi, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Kosa linaloharibu kipimo ni tako kunyanyuka mezani mwishoni; linakupa nyuzi za bure ambazo nyonga haina. Mtu akukandamize paja.

Watu wazima wengi hupata nyuzi 30 hadi 40. Chini ya 15 pamoja na maumivu ni kati ya vigezo vya kutambua nyonga iliyosagika ambavyo madaktari wa viungo wa Marekani waliviweka mwaka 1991. Lakini wachezaji wengi wa mpira wana nyonga ngumu tangu ujana na hawaumwi, kwa hiyo usishtukie namba moja. Angalia tofauti ya kulia na kushoto, na angalia kama inashuka mwezi hadi mwezi. Tofauti ya nyuzi 10, yenye maumivu upande huohuo, inatosha kukupeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Dalili za nyumbani nazo ziandike: kukata kucha za mguu mmoja kumekuwa kazi, soksi unavaa kwa kuegemea ukuta, kurusha mguu kupanda bodaboda kunabana kinena, ukikaa mkekani umekunja miguu goti moja linabaki juu. Kukaza kwa asubuhi kusikofika nusu saa kunafanana na kusagika. Kukizidi saa moja, fikiria baridi yabisi, ambayo matibabu yake ni mengine kabisa.

Yapo mambo yasiyosubiri vipimo vya mezani. Mkimbiaji aliyeongeza kilomita ghafla, kinena kinauma zaidi kila hatua na hata kuruka kwa mguu mmoja hakuwezekani, huenda ana ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Asijaribu kuruka ili kuhakikisha. Aache kukanyagia, atumie magongo, aende hospitali siku hiyohiyo, na ajue eksirei ya mwanzo inaweza kuonekana safi. MRI, kipimo cha picha cha sumaku, ndiyo huuona. Mwenye selimundu, au aliyetumia dawa za steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni kwa muda mrefu, anaweza kufa mfupa kwenye kichwa cha paja kwa kukosa damu. Ndiyo, hata vile vidonge vya steroidi vya kunenepesha makalio, na hata "dawa ya mifupa" isiyo na lebo inayoondoa maumivu kwa siku moja. Dawa ya namna hiyo itilie shaka.

Eksirei ikihitajika, omba ya fupanyonga zima, nyonga zote mbili, umesimama, na picha moja ya ubavu wa nyonga. Ile ya kulia peke yake haina cha kulinganishwa nacho. Picha ya ubavu ndiyo huonyesha nundu kwenye shingo ya mfupa, inayogonga ukingo wa kikombe kila unapokunja paja. Ila picha na maumivu haviendi pamoja kila mara: kuna nyonga mbaya pichani isiyouma, na inayouma ilhali picha ni safi.

Sasa mazoezi. Usiache. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2017 ulikuta kusagika kwa nyonga au goti kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, 10.2 ya wasiokimbia, na 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano ya juu. Kinachotakiwa ni kupunguza kinachobana, na kujenga misuli ya pembeni ya tako.

Kwa nini hiyo? Ukisimama kwa mguu mmoja, nyonga inakuwa kama kibao cha kubembea. Uzito wa mwili unavuta upande mrefu, misuli ya tako inavuta upande mfupi, kwa hiyo lazima ivute kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe. Jumlisha, kiungo kinabeba karibu mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wako kwa kutembea tu. Ndiyo maana fimbo hushikwa mkono wa upande MZIMA, lakini ndoo ya maji hubebwa upande UNAOUMA. Watu wengi hufanya kinyume kwa vyote viwili.

Siku tatu kwa wiki: kunyanyua makalio ukiwa umelala chali, kunyanyua mguu wa juu ukiwa umelala ubavu (kisigino kiende nyuma kidogo, ukiupeleka mbele unatumia misuli mingine), kupanda ngazi ya sentimita 20 taratibu, na kuinuka kitini. Seti 3 za 10 hadi 12. Maumivu hadi 3 kwa 10 yanavumilika mradi kesho yake yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu, punguza mzigo, usifute zoezi. Hesabu wiki 12 kabla ya kusema haifanyi kazi.

Kwenye kukimbia, ongeza hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10 kwa mwendo uleule. Ukiwa na 160, nenda 168. Hatua fupi hupunguza mzigo wa nyonga. Baiskeli, inua kiti, kiti kifupi kinakunja paja kupita kiasi. Na acha kujinyoosha kwa nguvu kwa kuvuta goti kifuani eti "misuli imekaza". Kama ni mfupa unaogonga mfupa, unaponda ukingo wa kikombe, na hilo ndilo kosa la wanamichezo wenye bidii kuliko wote.

Diklofenaki kabla ya mechi iache. Inakuzimia king'ora huku moto unawaka, na tumbo na figo vinalipa. Glukosamini, vile virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, okoa hela yako.

Mwenye kijana anayecheza akademi: ile nundu huota hasa miaka 12 hadi 14, mfupa ukiwa bado unakua, kwa wanaofanyishwa mazoezi mengi mno. Mpe siku za kupumzika kila wiki, na kocha akilalamika mwonyeshe sentensi hii.

Wewe mleta mada, pima leo, rudisha namba za pande zote mbili hapa, na useme ukilala chali goti likavukishwa kuelekea bega la pili kinabana wapi.